Muulize Mwalimu: Nimtoe mwanangu shule nimfundishe nyumbani?

Ukumbi huu ni wa wazazi na walezi wa watoto wadogo. Anayejibu alisomesha chekechea Lamu mpaka alipostaafu, na wanawe wanne amewalea mtaa wa Langoni.

SWALI: Assalaam alaikum Mwalimu, na shikamoo. Mimi nina watoto watatu: wa kwanza msichana wa miaka sita, wa pili ana minne, na mdogo ndiyo kwanza anatambaa. Huyu mkubwa ameingia Gredi ya Kwanza mwaka huu na kila asubuhi ni kilio. Darasa limejaa, na akirudi nikimuuliza amesoma nini hanijibu. Wifi yangu anakaa Leicester, Uingereza, naye wanawe anawasomesha nyumbani. Hunitumia video wakipima unga kwa vikombe na kuhesabu, na kusoma wanajua. Mimi nimefika kidato cha nne na naona naweza. Mume wangu ni nahodha wa mashua ya abiria, hutoka alfajiri. Anasema, "Ukiweza fanya, mimi sikuzuii, lakini mambo ya kufundisha usinitie." Mama mkwe, ambaye twakaa naye, anasema nitawaharibu watoto. Nimtoe?
Mama wa Watatu, Mkomani, Lamu

JIBU: Waalaikumu salaam mwanangu, marahaba. Usimtoe shule. Nimeanza na jibu lenyewe kwa sababu mengi nitakayokwambia mbele yanaweza kukufanya udhani nasema umtoe.

Wifi yako hajakosea. Kule aliko, sheria ya elimu ya 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, kwa kwenda shule au kwa njia nyingine, na hiyo njia nyingine ndiyo aliyoishika yeye. Hafungwi hata na mtaala wa taifa. Marekani jambo hili ni halali katika majimbo yote 50. Afrika Kusini mzazi huomba kwanza, akaandikishwa, ndipo akafundisha. Kwetu Kenya mambo ni mengine. Katiba ya 2010, ibara ya 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikamwekea mzazi wajibu: mtoto ahudhurie shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na serikali. Mzazi asipotimiza anaweza kushtakiwa, akatozwa faini au akafungwa. Na huyo wa miaka minne usidhani hayumo; chekechea nayo imehesabiwa ndani ya elimu ya msingi. Najua wapo Wakenya wanaosomesha majumbani kwa mitaala ya ng'ambo, na watoto wao hufanya mitihani ya Cambridge. Gharama yake ni kubwa, na hiyo mitaala haiwaondolei wajibu wa sheria.

Kuna na suala la alama. Mtoto akifika Gredi ya 6 kuna tathmini ya kitaifa, na kazi alizozifanya darasani Gredi ya 4, ya 5 na ya 6 huingia kwenye hesabu ya matokeo yake. Mwenye kuziandika alama hizo ni shule. Sitaki binti yako afike miaka kumi na miwili anajua mengi na hana pa kuyaonyesha.

Sasa kilio. Mtoto wa miaka sita hajui kukwambia "darasa limejaa". Hilo umeliona wewe. Yeye analia kwa jambo lake, na lazima ulitafute. Itazame siku yake nzima kwanza. Asubuhi shule, alasiri chuo cha Kurani, magharibi kazi za ziada, kisha nyumba ina wageni na taa haizimwi mpaka saa nne za usiku. Umri wake unahitaji usingizi wa saa tisa mpaka kumi na mbili. Kama halali hivyo, anza hapo kabla ya kuilaumu shule. Baada ya hapo mpeleke akaangaliwe macho na masikio. Darasani kwangu watoto kadhaa waliosemwa ni wazito walikuwa na sikio linalotoa usaha, na walipotibiwa walichangamka. Kisha nenda kwa mwalimu wake watoto wakishatawanyika, maana asubuhi mlangoni hana nafasi ya kukusikiliza, umuulize mwanangu anakaa wapi, anacheza na nani, na saa ya kwenda chooni nani humpeleka. Chooni, mwanangu. Hutaamini ni watoto wangapi huchukia shule kwa sababu ya choo.

Lakini kilichonifanya nikuandikie kirefu ni yale maneno ya mume wako.

Nimeona mafunzo ya nyumbani mengi yakianza kwa hamu kubwa na kufa, na sikuyaona yakifa kwa kukosa vitabu. Yalikufa kwa sababu aliachiwa mtu mmoja, na mtu huyo ana mtoto mgongoni, sufuria iko motoni, na anayepita anamuuliza mbona nyumba haijafagiwa. Anayesomesha peke yake huchoka, akichoka hukasirika, na mtoto anayesomeshwa na mtu mwenye hasira anajifunza kuogopa kitabu. Hata ingekuwa sheria yakuruhusu kesho, bado ningekwambia usianze mpaka mume wako na mama mkwe nao wameingia. Na kwa kuwa mtoto anabaki shule, hicho mtakachokifanya nyumbani kinawezekana kabisa, alimradi mgawane.

Umesema mume wako ni nahodha. Basi hisabati na sayansi zimo ndani ya nyumba yako! Mtu huyu anajua maji yatajaa saa ngapi kesho bila kutazama popote. Mwambie mwalimu hakuambii ushike chaki. Anachotakiwa ni dakika kumi, saa ya chakula cha usiku. Tundikeni kalenda ukutani, kila siku baba amwambie binti yake maji yamejaa saa ngapi, naye aandike. Siku mbili tatu za mwanzo ni namba tu. Wiki ikiisha ataona kwamba kila siku saa inasogea mbele karibu saa nzima, na atauliza kwa nini, hapo baba amwonyeshe mwezi. Ataona bamvua, yale maji makubwa, ikija mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu, yale madogo, katikati yake. Atajua kwa nini mashua za Pate zilikuwa zikingoja maji ili zipite mkondo wa Mkanda. Huku nyuma amejifunza saa, tarehe, namba mpaka 30, kuandika, na kutazama kitu siku baada ya siku bila kukiacha, na hilo la mwisho ndilo mwanzo wa sayansi yote. Siku ya mapumziko amchukue gatini, wahesabu abiria, watoe nauli na chenji. Mwanamume anayesema hawezi kufundisha mara nyingi hajaambiwa afundishe kile anachokijua.

Mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa milango. Hakuwahi kukaa na mtoto akamwambia leo twasoma. Aliwapa watoto ubao wapime kwa shubiri, wapate shubiri mbili ni dhiraa, na dhiraa nne ni pima, kisha wapime kwa futi ya chuma wamwambie kwa nini shubiri ya mtoto na ya baba hazilingani. Mwanangu wa tatu alijifunza kuchora duara kwa bikari kwenye karakana ile kabla hajajua kuandika jina lake vizuri.

Mama mkwe wako. Kuishi naye ni bahati, na nasema hivi nikijua kuna siku huoni hivyo. Anasema utawaharibu watoto kwa sababu jambo limeamuliwa na yeye hakuulizwa. Nenda kwake na swali la kweli: "Mama, hawa watoto hadithi hawazijui, vitendawili hawavijui, majina ya samaki wanajua changu na tafi tu. Nisaidie." Mpe saa baada ya isha. Asimulie. Kesho yake, wewe mwambie mtoto akusimulie tena ile hadithi ya bibi, na akisimulia andika sentensi mbili tatu kama alivyozisema, kwa herufi kubwa, bila kumsahihisha maneno. Kisha msome pamoja kwa kidole. Mtoto husoma haraka maneno yaliyotoka kinywani mwake kuliko ya kitabu chochote, kwa sababu tayari anajua yanakokwenda. Njia hii nimeitumia miaka mingi na sijaona ikishindwa na mtoto aliyekuwa na usingizi wa kutosha.

Kazi yako wewe ni kusoma na kuandika. Kiswahili hakina ujanja katika maandishi: irabu tano, na kila moja ina sauti yake popote ilipo. Anza na hizo irabu, kisha ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, na, ka, la, na mara moja unga maneno: mama, baba, kuku, nazi, samaki. Mimina mchanga wa Shela kwenye sinia, aandike kwa kidole, atikise ifutike, aanze upya. Kushika penseli kutakuja. Wa miaka sita dakika 20 zatosha, wa minne dakika kumi, mkiwa bado mnafurahi mfunge. Na huyo wa minne akija kuharibu, mpe kazi: yeye ndiye mtikisa sinia. Kiingereza mwachie mwalimu wa shule kwa sasa. Akishajua kusoma lugha anayoielewa, ya pili itampata tayari.

Kama nyumbani lipo bao, msiwaachie wazee peke yao. Mashimo 32, kete 64, na bao la kujifunza huanza kwa kete mbili kila shimo. Hapo pana hesabu ya mbili mbili mpaka aseme imetosha.

Huyo wa pili mtafutie chekechea nzuri karibu. Chekechea ni jukumu la serikali ya kaunti, kwa hiyo afisi ya elimu ya kaunti watakwambia zilipo. Ukipata ya madrasa itazame pia. Mwaka 1986 kule Mombasa, Bi Swafiya Said na wenzake, wakisaidiwa na wakfu wa Aga Khan, walianza kuweka chekechea ndani ya madrasa, na mpango ukafika Zanzibar na Uganda. Walitumia vifuu, makombe, vizibo na vitambaa, na walimu wengi walikuwa akina mama wa mtaa waliofundishwa kazi. Nenda ukakae asubuhi moja uangalie. Ukiona watoto wamekaa safu wakiimba herufi kwa pamoja tangu kuingia mpaka kutoka, endelea kutafuta.

Na likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka ni zako. Hapo mpime unga kama wifi yako anavyofanya.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi. Mke wangu anafanya kazi hotelini Watamu, huondoka mapema, kwa hiyo asubuhi mtoto wetu wa kiume wa miaka mitatu na nusu niko naye mimi mpaka saa sita mchana, kisha nampeleka kwa shangazi yake. Ili nifanye shughuli za nyumbani nampa simu atazame katuni. Mtoto wa jirani, umri huo huo, anajua kuhesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza. Wangu hata rangi hajui. Tena mke wangu ni Mgiriama na anamsemesha Kigiriama, mimi namsemesha Kiswahili, watu wanasema tunamchanganya. Nianze kumfundisha kusoma?
Baba Mmoja, Barani, Malindi

JIBU: Bwana, kwanza nikushukuru kwa kuuliza. Baba wanaoniandikia ni wachache.

Kusoma bado. Rangi atazijua akiambiwa niletee kikombe chekundu, siyo kwa kuulizwa hii rangi gani mbele ya wageni. Na huyo wa jirani anayehesabu mpaka ishirini, mwambie akuletee vijiko vitano uone. Wengi wa umri huo wanaziimba namba bila kuhesabu kitu. Haina ubaya, ila isikutie wasiwasi.

Simu ndiyo itazame. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019: mtoto wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na kupungua ni bora. Mwongozo huo huo unamtaka wa miaka mitatu na minne apate dakika 180 za kujishughulisha na mwili kwa siku, na usingizi wa saa kumi mpaka kumi na tatu. Wewe una asubuhi nzima na yeye, na saa hizo hazitarudi akishaingia shule. Shughuli za nyumbani unazotaka kumaliza upesi ndizo masomo yake. Afue soksi zake kwenye beseni. Aoshe tuktuk nawe. Hapo ana magurudumu matatu ya kuhesabu, maji ya kupima, kitambaa cha kukamua, na mkono unaokamua kitambaa ndio utakaoshika penseli. Mkienda sokoni mwache achague nyanya tatu, akupe moja moja. Mwambie kila unachokifanya kwa maneno kamili, hata kama unajisikia unaongea peke yako. Shughuli itachukua muda mara mbili, nakubali.

Kuhusu lugha, endeleeni hivyo hivyo na msisikilize watu. Mtoto anabeba lugha mbili bila taabu ikiwa kila moja ina mtu anayeisema kwa upendo na kwa ukamilifu. Kuna wakati atachanganya maneno katika sentensi moja, na itapita. Hata sera ya elimu yetu inataka chekechea na madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, kwa hiyo Kigiriama cha mama yake ni mtaji. Ningependa nawe ukijifunze ikiwa hukijui, ili mwanao aone baba yake naye ni mwanafunzi.

Umri wa kuingia chekechea ni miaka minne. Akifika, mwandikishe, na asubuhi ya kwanza umpeleke wewe.

SWALI: Mwalimu wetu, mimi ni bibi, nakaa Matondoni. Binti yangu ameenda Saudia kufanya kazi ameniachia wajukuu wawili, mmoja miaka mitano na mmoja miwili. Hii barua naandikiwa na jirani. Mimi Kurani nasoma, lakini herufi hizi za kizungu sizijui. Mwalimu wa shule anasema mtoto asomewe nyumbani. Nitamsomea nini?
Bibi, Matondoni

JIBU: Bibi, shikamoo. Wewe ni msomaji, na nataka hilo ulishike. Mtoto uliyemfundisha alifu na bei ameshajua jambo kubwa kuliko yote katika kusoma, kwamba alama ina sauti, na alama hukaa kwa mpangilio. Akienda kwenye a, e, i, hatakuwa mgeni.

Badala ya wewe kumsomea, akusomee yeye. Akirudi na kitabu cha shule, keti naye jamvini, akuonyeshe picha akueleze, kisha asome analoweza. Wewe uliza: "Halafu? Kwa nini alifanya hivyo?" Mtoto anayemfundisha bibi yake husoma kwa bidii kuliko anayesahihishwa. Akikwama, jirani yako huyu mwema aliyeandika barua amsaidie, na mwalimu wa shule umwambie wazi kwamba utaratibu wenu ni huu. Mwalimu mwenye busara atafurahi.

Ukisuka ukili mwite akae karibu. Miyaa ya rangi ikipishana, mwambie akutajie ipi inafuata kabla hujaisuka. Huko kutambua mpangilio ni hisabati ile ile watakayomfundisha shuleni kwa shanga.

Yule wa miaka miwili hahitaji kitu zaidi ya mikono yako, chakula, na kuimbiwa.

Mama yao muombeni apige simu saa ile ile kila mara anapoweza, na mkubwa aandaliwe jambo moja la kumwambia, alichokiona siku hiyo. Ukimya wa simu huwaumiza watoto kuliko umbali.

Jingine ni la karatasi. Shule itataka cheti cha kuzaliwa ili imwandikishe huyu wa miaka mitano rasmi kwa Gredi ya Kwanza mwakani. Muulize binti yako alikiweka wapi. Ikiwa hakijawahi kuchukuliwa, nenda kwa chifu wenu sasa hivi na kadi ya kliniki ya mtoto na nakala ya kitambulisho cha mama yake, usingoje Januari, maana mwezi huo watu huwa wengi na Matondoni mpaka Lamu mjini ni safari.